Kalenda ya Ukutani ya Muziki Wetu: Inazijua Siku za Misiba Kuliko Siku za Kazi

Kalenda ya ukutani iliyoingia madukani mwaka huu kwa ajili ya wapenzi wa muziki imefanya jambo ambalo wengi wetu tumelisubiri kwa muda mrefu. Imekusanya mahali pamoja tarehe za kuzaliwa na za kufariki za wanamuziki wa Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Kongo, pamoja na siku kubwa za bendi na maonyesho yao, na kuziweka sambamba na zile za Marekani, Uingereza, Jamaika na Afrika Kusini. Nimeinunua kwa shilingi 18,000 katika duka la vitabu katikati ya jiji la Dar es Salaam, nikaitundika sebuleni na kuisoma yote, mwezi baada ya mwezi, kwa makini ambayo kwa kawaida mtu hawekezi kwenye kalenda. Maoni yangu ni kwamba inastahili kununuliwa, na kwamba toleo lijalo linastahili mhariri mkali zaidi. Waandaaji wake wanaijua vyema siku tuliyowapoteza wanamuziki wetu, lakini hawakuzitafuta kwa bidii ileile siku ambazo wanamuziki hao walifanya kazi iliyotufanya tuwalilie.

Nianze na umbo lake. Ina kurasa kumi na mbili na jalada, imefungwa juu kwa springi ya waya yenye kitanzi cha kutundikia, na ni kubwa kiasi cha kusomeka ukiwa umekaa kwenye kochi. Kila mwezi una picha moja ya rangi nyeusi na nyeupe, na uteuzi wa picha hizo umefanywa na mtu mwenye jicho: Januari ni Mbaraka Mwinshehe akiwa na gitaa lake, Julai ni mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, Oktoba ni Franco wa OK Jazz ya Kongo. Chini ya picha kuna visanduku vya siku, na ndani ya kila kisanduku chenye habari kuna mstari mmoja au miwili ya maandishi: kijani kwa aliyezaliwa, nyeusi kwa aliyefariki, nyekundu kwa tukio. Katika pembe ya kila kisanduku zimewekwa tarehe za Hijria kwa herufi ndogo, jambo ambalo nyumba nyingi za pwani zitalishukuru.

Rangi nyekundu, hata hivyo, imeleta mkanganyiko ambao ungeweza kuepukwa. Jumapili na sikukuu za taifa nazo zimepigwa nyekundu, hivyo mtu anayetupa jicho haraka ataona tarehe 6 Juni na kudhani ni siku ya mapumziko, kumbe ni siku ambayo OK Jazz ilizaliwa mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1956. Kibaya zaidi ni karatasi. Ni nzito na inang'aa, picha zimetoka vizuri sana juu yake, lakini wino wa kalamu ya kawaida haushiki. Unaandika, unageuka, na kidole cha mtoto kimeshayafuta maandishi yote. Kalenda ya ukutani katika nyumba zetu ni daftari la nyumba nzima: ndiyo inayobeba siku mtungi wa gesi ulipobadilishwa, siku ya kliniki, tarehe ya mwisho ya ada na hesabu ya maziwa yaliyochukuliwa kwa mkopo. Kalenda isiyoandikika inageuka kuwa picha ya kutazamwa, na picha ya kutazamwa huondolewa ukutani mapema kuliko daftari.

Baada ya hayo, nakiri kwa furaha kwamba visanduku vyenyewe vimenishika. Kalenda ya namna hii huwakutanisha watu ambao historia inayoandikwa kwa sura na vipindi haiwakutanishi kamwe. Chukua tarehe 11 Februari, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kisanduku bora kuliko vyote. Humo wamo watu watatu waliofariki tarehe hiyohiyo kwa miaka tofauti: Joseph Kabasele, maarufu kama Grand Kallé, mwaka 1983, Fadhili William, mwaka 2001, na Whitney Houston, mwaka 2012. Kabasele ndiye aliyekuwa kiongozi wa African Jazz, bendi iliyokwenda Brussels Januari 1960 wakati wajumbe wa Kongo walipokuwa wakijadiliana na Wabelgiji katika mkutano wa meza ya duara, na huko ndiko alikozindua wimbo wa cha-cha wa kusherehekea uhuru, ambao redio ziliusambaza barani kote katika mwaka uleule ambao nchi nyingi za Afrika zilipandisha bendera zao. Fadhili William, Mtaita wa Kenya, ndiye aliyeurekodi «Malaika» mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya sitini, kabla Miriam Makeba hajauchukua na kuufikisha kwenye kumbi za Marekani na Ulaya. Mtu akisimama mbele ya kisanduku hicho anawaona wawili waliozipa nchi zetu nyimbo za kwanza kujulikana mbali na nyumbani, na pembeni yao sauti ya Kimarekani iliyotawala redio zetu miaka ya themanini na tisini. Hakuna kitabu ambacho kingewaweka ukurasa mmoja.

Katika kisanduku hichohicho, hata hivyo, Fadhili ametajwa moja kwa moja kuwa mtunzi wa «Malaika». Hapo waandaaji wamekwenda mbio kuliko ushahidi. Wapo wanaoutaja utunzi wa wimbo huo kuwa ni wa Adam Salim wa Tanganyika, tangu mwaka 1945, na mvutano huo umedumu kwa miongo kadhaa bila kumalizika kwa namna iliyoridhisha pande zote. Kwa kuwa hakuna anayebisha kwamba rekodi ya Fadhili ndiyo iliyoutangaza wimbo, ingetosha kuandika hivyo, na heshima yake isingepungua hata kidogo.

Tarehe 23 Januari nayo imetendewa haki. Hugh Masekela alifariki siku hiyo mwaka 2018, na mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe hiyohiyo ya mwaka 2019, akafariki Oliver «Tuku» Mtukudzi wa Zimbabwe. Nakumbuka jinsi redio za huku zilivyokuwa bado zinapiga tarumbeta ya Masekela kwa ajili ya kumbukizi ya mwaka wake wa kwanza, mara ikaingia habari ya Tuku, na watangazaji wakalazimika kubadilisha orodha ya nyimbo katikati ya kipindi. Tarehe 17 Aprili imebeba mambo mawili yanayogusana kwa mbali lakini yanapendeza pamoja: usiku wa siku hiyo mwaka 1980 Bob Marley alipanda jukwaani katika uwanja wa Rufaro, Harare ya leo, katika sherehe za usiku ambao Zimbabwe ilipata uhuru wake, na siku hiyohiyo mwaka 2013 Bi Kidude akafariki Zanzibar. Mwandishi wa kisanduku hicho ameandika maneno machache mno, tena bila sifa za kupitiliza, na ndivyo inavyotakiwa.

Sasa niingie katika jambo lililonifanya niandike uhakiki huu. Nilipozihesabu habari za wanamuziki wa kwetu kwa rangi zao, nyeusi ilizidi kijani na nyekundu zikiunganishwa. Wanamuziki wa Uingereza na Marekani wana siku za kuzaliwa, siku za kutoa albamu, siku za kuonekana kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Wanamuziki wetu wana siku za kufa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Mbaraka Mwinshehe, ambaye picha yake inapamba Januari kwa sababu alifariki tarehe 12 ya mwezi huo mwaka 1979, kwa ajali ya gari. Kalenda inaandika kwamba ajali hiyo ilitokea barabara ya Morogoro. Sivyo. Ilitokea Mombasa, alikokuwa amekwenda kikazi, na kosa hilo si dogo kwa watu wa Mombasa ambao hadi leo wanaisimulia siku ile, wala kwa watu wa Morogoro waliompoteza.

Ukiacha kosa la mahali, kalenda haina kitu kingine chochote kuhusu Mbaraka mwaka mzima. Tarehe 27 Juni, siku aliyozaliwa mwaka 1944, kisanduku ni kitupu. Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, kupiga muziki kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya Expo akiiwakilisha Tanzania, na safari hiyo haikutajwa popote. Mwaka 1973 aliachana na Morogoro Jazz, bendi iliyoanzishwa miaka ya arobaini na ambayo yeye aliifanya isikike hadi nje ya mipaka, akaunda Super Volcano, nalo halikutajwa. Kwa mtu ambaye alikufa akiwa na umri wa miaka 34, akiwa ameacha nyimbo nyingi kiasi kwamba redio zetu hazijamaliza kuzipiga, kumbakizia siku moja tu ya ajali ni kumdhulumu. Msomaji kijana atakayeitazama Januari atajua kwamba Mbaraka alikufa. Atalazimika kwenda kwingine kujua aliishi vipi, gitaa lake la solo lilikuwa na kitu gani cha pekee, na kwa nini mtu wa Kinondoni na mtu wa Kisumu wote wawili walimwita wao.

Hali ni hiyohiyo kwa Marijani Rajab, Jabali la Muziki, ambaye ana kisanduku cheusi tarehe 23 Machi kwa kifo chake cha mwaka 1995 bila hata neno moja la bendi zake, Safari Trippers na Dar International. Muhidin Maalim Gurumo ana tarehe 13 Aprili 2014 na basi, ilhali huyu ni mtu ambaye maisha yake peke yake yangejaza mwezi mzima, kutoka NUTA Jazz ya miaka ya sitini hadi Mlimani Park na hatimaye kurudi Msondo, bendi iliyotokana na NUTA. Remmy Ongala ana tarehe 13 Desemba 2010, na ameelezwa kwa maneno matatu tu, «mwanamuziki wa Kongo». Ni kweli alizaliwa Kindu mwaka 1947. Lakini alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaijenga Super Matimila, akaimba kwa Kiswahili habari za maskini, za kifo na za kujikinga na ukimwi wakati wengine walikuwa wanaogopa kulitaja jambo hilo, na jiji lilimkubali kiasi kwamba hadi leo kondakta wa daladala anaita kituo cha «Sinza kwa Remmy» bila abiria yeyote kuuliza Remmy ni nani. Kalenda inayouzwa Dar es Salaam ilipaswa kulijua hilo.

Ninaelewa kilichosababisha hali hii. Tarehe ya kifo cha mtu mashuhuri huandikwa gazetini siku inayofuata, hutangazwa redioni, huwekwa kwenye jiwe la kaburi na kukumbukwa katika hitima na arobaini. Tarehe ya kurekodi wimbo iliandikwa, kama iliandikwa, kwenye kasha la utepe katika studio za redio ya taifa, na tarehe ya kuundwa bendi ilibaki vichwani mwa watu waliokuwa kwenye kikao. Kazi ya kuzitafuta ni ngumu. Hata hivyo, mtu anayeomba shilingi 18,000 kwa kalenda ya kumbukumbu ameahidi kuifanya kazi hiyo ngumu, si kukusanya taarifa za tanzia peke yake.

Siku za kuzaliwa ndizo zilizoharibiwa zaidi, na hapa sina budi kuwa mkali. Kisanduku cha tarehe 1 Januari kimejaa wino wa kijani hadi herufi zimebanwa kwa shida. Ukiamini kalenda hii, Siti binti Saad, Bi Kidude, Remmy Ongala na wengine kadhaa wote walizaliwa mwaka mpya. Tunajua jinsi mambo haya yanavyotokea: mtu aliyezaliwa kijijini wakati uandikishaji wa vizazi haujafika, siku yake ikakumbukwa kwa njaa fulani, kwa mvua fulani au kwa mwaka wa utawala fulani, akija kuomba pasipoti karani anajaza Januari mosi ili fomu ikubalike. Pasipoti inahitaji tarehe. Kalenda ya historia haihitaji tarehe ya kubuni. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, na siku yenyewe haikuhifadhiwa. Kwa Bi Kidude hata mwaka wenyewe haukuwahi kuthibitishwa, na yeye mwenyewe hakuona kwamba lilikuwa tatizo. Kuwapachika wote kwenye Januari mosi ni kumfundisha mwanafunzi jambo lisilo la kweli, na kibaya zaidi, kwa maandishi ya kijani mazuri.

Suluhisho ni jepesi, na lingetibu upungufu wote wawili kwa pamoja. Chini ya kila ukurasa kuna ukanda mtupu wenye upana wa vidole vitatu, ambao kwa sasa umepambwa kwa noti za muziki zisizo na maana yoyote. Ukanda huo ungetumika kwa mambo ambayo mwaka wake unajulikana lakini siku yake haijulikani, na mambo hayo ndiyo yaliyojaa katika historia ya muziki wetu: kuanzishwa kwa Nadi Ikhwan Safaa huko Zanzibar mwaka 1905; kuzaliwa kwa Dar es Salaam Jazz Band mwaka 1932; NUTA Jazz mwaka 1964; Mlimani Park mwaka 1978; «Jambo Bwana» ya Them Mushrooms wa Mombasa mwaka 1982, wimbo ambao kila mgeni aliyeshuka kwenye ndege pwani hii ameusikia. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopata nafasi. Noti za mapambo zimepata.

Lililoniuma zaidi katika orodha ya yaliyoachwa ni safari ya Siti binti Saad kwenda Bombay mwaka 1928. Kwa kuwa Julai nzima imepambwa kwa picha yake, kwa sababu alifariki tarehe 8 ya mwezi huo mwaka 1950, nilitarajia kwamba safari hiyo itatajwa japo kwa mstari mmoja. Mwanamke aliyezaliwa katika ufukara, mtoto wa mfinyanzi, aliyeingia mjini Unguja akiuza vyungu na kujifunza kuimba ukubwani, alivuka bahari pamoja na wenzake, Maalim Shaaban, Subeti Ambar, Mbaruk na Budda Swedi, wakarekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri hizo zikauzwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na hadi bara. Kabla ya hapo taarabu ya ikulu ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu. Baada ya hapo Kiswahili cha mtu wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida mjini Unguja, kilisikika kutoka kwenye gramafoni. Nikiulizwa nitaje tukio moja tu la muziki wa Afrika Mashariki linalostahili wino mwekundu, nitalitaja hilo, na sitasita.

Taarabu kwa jumla imepewa nafasi finyu. Mbali na Siti na Bi Kidude, nimemwona Bi Shakila Said, tarehe 19 Agosti 2016, na nilifurahi sana kumwona, kwa sababu sauti yake akiwa na Black Star na baadaye Lucky Star za Tanga ndiyo iliyobadilisha taarabu ya mwambao wote, ikaiondoa kwenye ukumbi wa watu waliokaa kwa utulivu na kuipeleka uani kwenye arusi. Baada yake hakuna. Tanga imekwisha hapo, Mombasa haikuanza, na vikundi vya Zanzibar havikutajwa hata kwa majina. Kama mpangilio wa kalenda ungeamuliwa kwa idadi ya arusi zilizochezwa, taarabu ingechukua nusu ya visanduku.

Kuhusu Kongo, kalenda iko imara zaidi, labda kwa sababu tarehe za huko zimeandikwa mara nyingi na watu wengi. Franco yupo alipozaliwa, Sona-Bata, tarehe 6 Julai 1938, na alipofariki, Namur nchini Ubelgiji, tarehe 12 Oktoba 1989, pamoja na maelezo kwamba Zaire ilitangaza siku nne za maombolezo ya taifa. Kisanduku hicho kiko hatua mbili tu kabla ya tarehe 14 Oktoba, siku yetu ya kumkumbuka Mwalimu, na mtu wa rika langu hawezi kuitazama wiki hiyo bila kusimama. Tabu Ley yupo tarehe 30 Novemba 2013. Papa Wemba yupo tarehe 24 Aprili 2016, siku aliyoanguka jukwaani Abidjan, na waandaaji wamepata tarehe sahihi ingawa onyesho lilianza usiku uliotangulia na watu wengi huandika 23. Tamasha la Kinshasa la mwaka 1974, lililowaleta James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba kwenye uwanja mmoja na OK Jazz na Tabu Ley, limewekwa ipasavyo kwenye Septemba 22 hadi 24, na maelezo yanasema kwa usahihi kwamba pambano la Ali na Foreman, lililokusudiwa kwenda sambamba nalo, liliahirishwa hadi tarehe 30 Oktoba kwa sababu ya jeraha la Foreman. Huu ndio uandishi ninaoutaka katika kurasa zote: siku, mahali, waliokuwapo, na sababu.

Vijana wamepata visanduku vichache, lakini vilivyopo ni sahihi. E-Sir, rapa wa Kenya aliyefariki katika ajali ya barabarani karibu na Nakuru tarehe 16 Machi 2003 akiwa na miaka 21 tu, yupo. Albert Mangwair, rapa wa Tanzania aliyefariki Johannesburg tarehe 28 Mei 2013, yupo. Visanduku vyao vyote viwili, tena, ni vya wino mweusi.

Wanamuziki wa nchi za mbali sitawazungumzia sana, maana kalenda zinazowahusu zipo tele. Elvis yupo Agosti 16, Lennon yupo Desemba 8, kila kitu kiko mahali pake. Mmoja tu amekosewa, naye ni yule ambaye hatukupaswa kumkosea. Freddie Mercury ameandikwa tarehe 5 Septemba 1946 kuwa «mzaliwa wa India». Alizaliwa Zanzibar, Mji Mkongwe, kwa jina la Farrokh Bulsara. India alikwenda kusoma shule ya bweni akiwa mtoto, akarudi, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Kalenda iliyochapishwa upande huu wa bahari, umbali wa safari ya boti ya saa mbili kutoka alikozaliwa, haina udhuru wa kosa hilo. Vilevile, Michael Jackson ametajwa mara tatu bila kukumbushwa kwamba alifika Tanzania Februari 1992, ziara ambayo walioishi wakati huo wanaisimulia kwa undani.

Je, mtu aitoe shilingi 18,000 yake? Kwa mpenzi wa muziki wa dansi na rumba aliye na ukuta mtupu, jibu langu ni ndiyo, bila kusita, kwa ajili ya picha na kwa ajili ya visanduku kama kile cha 11 Februari. Kwa mtangazaji wa kipindi cha zilipendwa ni kifaa cha kazi, kwa sharti kwamba asisome habari yoyote ya tarehe 1 Januari hewani na kwamba arekebishe kwa mkono wake habari za Mbaraka na Freddie. Kwa shule siishauri bado, kwa sababu mwanafunzi huamini kilichochapishwa. Kwa anayetafuta kalenda ya matumizi ya nyumbani, ya kuandikia miadi na madeni, zile zinazotolewa bure na benki na maduka ya vifaa zitamfaa zaidi hadi karatasi hii itakapobadilishwa. Anayeinunua sasa aikague kwanza springi pale juu kabla ya kuondoka dukani, kwa kuwa waya wa nakala yangu ulikuwa umeacha matundu mawili ya mwisho na ukurasa wa Machi ukachanika kidogo nilipoufunua, na muuzaji aliponiletea nyingine nayo ilikuwa na hitilafu hiyohiyo upande uleule.

Nimewaandikia waandaaji kupitia anwani iliyo nyuma ya jalada, nikiwaorodheshea makosa ya tarehe na ya mahali niliyoyataja hapa, pamoja na pendekezo la ukanda wa chini. Kwa wasomaji walio na picha za bendi zenye tarehe nyuma yake, tiketi za dansi za miaka ya sitini na sabini, au santuri zenye mhuri wa mwaka, ningewaomba wafanye vivyo hivyo kabla toleo la mwaka ujao halijapelekwa kiwandani. Tarehe za kuanzishwa kwa bendi za Tanga, Tabora na Mwanza ndizo zinazokosekana kuliko zote, na wengi wa waliokuwa kwenye vikao hivyo wameshazeeka.